Urefu Hauvushi Mpira

Kuna ugonjwa katika mpira wa kikapu wa mkoa wetu, na dalili yake ya kwanza ni futi kamba. Ikifika siku ya kuchagua timu, iwe Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega, utamkuta mwalimu kasimama kando ya ukuta, futi kamba shingoni kama fundi cherehani, na watoto wamepanga foleni kama wanaosubiri chanjo. Anayefika alama ya mkaa iliyochorwa ukutani anaambiwa akae kulia. Asiyefika anaambiwa asante, rudi darasani. Mpira wenyewe bado umo ndani ya wavu wake, haujaguswa na mtu.

Mimi nafundisha hisabati katika sekondari moja ya serikali hapa Bariadi, na jioni nafundisha kikapu kwenye uwanja ambao nusu yake ni saruji na nusu ni udongo. Naandika haya kuwapinga watu ninaowaheshimu, wengine nakunywa nao chai kila asubuhi. Nasema wanakosea. Timu zetu hazifungwi kwa kukosa warefu. Zinafungwa kwa kukosa magadi, na magadi hatuwakosi kwa sababu hawazaliwi Simiyu. Tunawakosa kwa sababu tunawarudisha darasani kabla hawajaushika mpira.

Kwa msomaji anayekitazama kikapu kwa mbali, nieleze kidogo. Uwanjani timu ina watu watano. Mmoja au wawili ni wale warefu wanaokaa karibu na ringi, wa pembeni wapo, halafu kuna wawili ambao kazi yao ni kuupokea mpira nyuma, kuuvusha, kuamua uende kwa nani, na mpira ukipotea wawe wa kwanza kumsimamisha adui. Hao ndio magadi. Tafadhali usiwachanganye na magadi ya kulainishia maharage, ingawa kazi zao zinafanana: bila hayo, chungu kinakaa motoni tangu asubuhi na maharage hayaivi.

Sheria ya mchezo yenyewe iko upande wangu. Uwanja una urefu wa mita 28. Timu ikiupata mpira nyuma kwake, ina sekunde 8 tu za kuuvusha mstari wa katikati. Ina sekunde 24 za kutupa. Mchezaji aliyebanwa na mlinzi akiushikilia mpira kwa sekunde 5, unakwenda kwa wapinzani. Katika sheria zote hizo hakuna hata moja inayouliza urefu wa mtu. Zinauliza kitu kingine: je, yupo kati yenu mtu anayeweza kutembea na mpira huku mwenzake anautaka?

Nifanye hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Tuseme timu inaupata mpira mara 60 katika mechi. Tuseme mara 20 kati ya hizo inanyang'anywa kabla haijatupa, jambo ambalo kwa timu za shule zetu si ajabu hata kidogo. Yule mrefu wako uliyemtafuta wilaya nzima, uliyemwombea ruhusa kwa baba yake, uliyemnunulia raba za namba isiyopatikana sokoni, sasa amebakiwa na theluthi mbili za mechi. Theluthi moja kasimama chini ya ringi, mkono juu, anaita, na mpira hauji. Baada ya dakika kumi anaacha kuita. Baada ya robo mbili anaanza kugombana na wenzake. Mwisho tunasema, "Warefu wetu ni wavivu." Si wavivu. Wamewekwa mwisho wa barabara ambayo haijachongwa.

Kila nikisema haya, mtu hunijibu kwa jina moja: Hasheem Thabeet. Jina hilo nalipenda kama wao. Kijana wa Dar es Salaam, mita 2.21, akaenda Marekani, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut, na Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika mnada wa wachezaji wapya wa NBA. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika huko kabla yake. Ilikuwa haki yetu kujivunia, na bado ni haki yetu.

Lakini orodha ile ya 2009 isomeni mpaka chini, msiishie kwenye jina letu. Wa tatu alikuwa James Harden, gadi. Wa saba alikuwa Stephen Curry, gadi mwenye mita 1.88. Curry alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 2015, akarudia 2016. Harden akaichukua tuzo hiyo 2018. Simlaumu Thabeet, hakujichagua mwenyewe. Ninachosema ni kwamba hata watu wenye pesa, madaktari, kamera na wataalamu wa takwimu waliwahi kusimama mbele ya futi kamba na kudhani wameuona mpira. Wao walijifunza. Sisi bado tunachora alama za mkaa.

Tena tufikiri kidogo. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na mkoa wetu una zaidi ya milioni mbili. Watu wa mita 2.21 ni wangapi kati yao? Kuujenga mchezo wa mkoa juu ya mtu wa namna hiyo ni sawa na mkulima wa pamba anayeacha kupalilia kwa sababu amesikia kuna mtu Maswa aliokota dhahabu.

Ukitaka majina, na mimi ninayo. Muggsy Bogues alikuwa na mita 1.60. Wasichana wengi wa kidato cha nne hapa Bariadi wanamtazama machoni. Alicheza NBA misimu 14, kuanzia 1987. John Stockton, mita 1.85, alikaa Utah Jazz kuanzia 1984 hadi 2003, akaacha rekodi mbili ambazo hadi leo hakuna aliyezifikia: pasi 15,806 zilizozaa pointi, na mipira 3,265 aliyowapora wapinzani. Zitazameni vizuri rekodi hizo. Moja ni ya kushambulia, nyingine ni ya kulinda, na zote zimeshikwa na mtu ambaye mitaani Dar asingegeuziwa shingo. Wahenga wa vijiwe wamekwisha kulisema: wembamba wa reli, treni inapita.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana nimechoka kusikia gadi akielezwa kama "yule mfupi mwenye mbio". Mbio ni kitu cha mwisho. Gadi anatengenezwa kwa mambo ambayo yanafundishika, na nitayataja ili asiwepo wa kusema hakujua.

La kwanza ni macho. Mtoto anayedunda huku anautazama mpira ni sawa na dereva wa bodaboda anayetazama tairi la mbele. Kudunda kwa gadi ni kwa vidole, chini ya kiuno, mpira upande wa mbali na adui, bega na mguu vikiwa ukuta katikati, uso juu. Ninawapima hivi: mtoto anadunda toka ringi hadi ringi, mimi nasimama mbele nikionyesha vidole, naye anataja idadi kila ninapobadilisha. Asiyeweza kutaja hajui kudunda, hata kama anapitisha mpira katikati ya miguu na kushangiliwa na darasa zima.

La pili ni mkono wa kushoto, au wa kulia kwa wenye mashoto. Mlinzi yeyote mwenye akili atakugundua ndani ya dakika mbili, na baada ya hapo atakaa upande wako mzuri mpaka mwisho wa mechi. Mwenye mkono mmoja anamlinda mwenzake kwa niaba ya adui. Dawa yake haina siri wala gharama. Kula ugali kwa mkono wa kulia, dunda kwa wa kushoto. Piga mswaki kwa kushoto. Nenda dukani ukidunda kwa kushoto. Miezi mitatu inatosha kuuamsha mkono uliolala.

La tatu ni kubadili mwendo. Hapa ndipo ninaposhangaa zaidi, kwa sababu sisi Wasukuma tuna elimu hii mwilini. Mwangalie mcheza bugobogobo na jembe lake: anajua lini ngoma inapunguza, anatulia kana kwamba amechoka, halafu inapopanda anakuwa ameshaondoka kabla hujapepesa. Vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika vimeshindania watazamaji kwa vizazi na vizazi kwa ujanja huohuo, wa kumfanya mtu adhani anajua kinachofuata. Gadi anayekimbia kasi ileile dakika zote ni rahisi kumlinda kuliko anayetembea. Kinachomvunja mlinzi ni kile kitambo cha kusita, bega likiinuka kidogo kana kwamba unataka kutupa, halafu hatua moja ndefu kupita nyonga yake. Mtoto aliyekulia kwenye ngoma anajifunza hili kwa jioni moja. Nimewafundisha, nimeona.

La nne ni kusimama. Ndiyo, kusimama. Mchezaji wa mashindano ya shule anaingia ringini kama basi lisilo na breki, anamgonga mrefu wa wapinzani, refa anapuliza filimbi, sisi tunamtukana refa. Gadi anasimama kwa miguu miwili, goti limekunjwa, mpira umefichwa kifuani, anazunguka kwa mguu mmoja uliobaki pale pale, na kutoka hapo anaiona korti yote. Mrefu wa adui amesharuka hewani, atarudi chini. Gadi anamngoja arudi.

La tano ni pasi. Pasi si kuutoa mpira mkononi mwako. Pasi ni kuufikisha mkononi mwa mwenzako, mahali anapoweza kuutumia, kwa wakati ambao bado yuko peke yake. Kwenye udongo wetu pasi ya kudunda hufa njiani, kwa hiyo ipigwe kwa nguvu zaidi na iguse chini karibu zaidi na mpokeaji. Kitabu cha Ulaya hakitakuambia hilo. Uwanja wa Bariadi utakuambia. Na kabla ya kuitoa pasi, idanganye: tazama kulia, nyanyua mpira juu, mlinzi anyanyue mikono, upitishe chini ya kwapa lake.

La sita ni kusoma. Mwenzako mrefu anakuja kusimama njiani mwa mlinzi wako ili akuzibie. Wachezaji wa mjini wanaiita skrini. Mlinzi wako akipita nyuma ya skrini, una nafasi, tupa. Akipita mbele akikufuata mgongoni, ingia. Mlinzi wa yule mrefu akiruka kukuzuia wewe, mwenzako amebaki peke yake anateleza kuelekea ringi, mpe. Maswali matatu, majibu matatu, nusu sekunde. Babu zetu wanaocheza bao chini ya mwembe wanahesabu kete nyingi zaidi ya hapo kabla hawajainua mkono. Tusijidanganye kwamba watoto wao hawana akili ya kuamua. Hatujawapa la kuamua.

Huko ndiko kushambulia. Upande wa kulinda ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu hauhitaji hata mpira.

Mtoto wa Meatu au Itilima anaanza kutoka na ng'ombe akiwa na miaka saba au minane. Dume likiona shamba la mahindi la jirani, linakata njia. Mtoto mjinga analifukuza kwa nyuma, akipiga mkia, na dume linaongeza mbio. Mtoto aliyefundwa hafuati mkia. Anakata pembe, anawahi mahali dume linakotaka kwenda, anatokea kwenye bega lake, na dume linageuka lenyewe. Fimbo hajaitumia. Huo ndio ulinzi wa gadi, wote, mwanzo mpaka mwisho. Kaa chini, nyayo pana, teleza bila kuvusha mguu juu ya mguu, kifua chako kiwe mbele ya mpira, msukumie adui kwenye mstari wa pembeni, kwa sababu mstari haudanganyiki na wala hauchoki. Usiunyooshee mpira mkono kila unapouona. Anayenyoosha mkono amehamisha uzito, na aliyehamisha uzito amepitwa.

Nina kijana mmoja ambaye hajawahi kufikisha alama ya mkaa ya mtu yeyote. Siku ya kwanza nilimweleza ulinzi kwa maneno ya kitabu, akanitazama tu. Nikamwambia, "Huyo ni dume, na nyuma yako ni mtama wa mama yako." Hakuhitaji neno la pili. Mechi tatu zilizofuata, gadi wa wapinzani alikuwa anauokota mpira na kuutupa kwa mwenzake ili asikutane naye.

Na yapo mengine yasiyopigiwa makofi. Gadi ndiye anayerudi nyuma wa kwanza mpira unapotupwa, wakati wenzake wanagombea ribaundi, kwa sababu akikosekana pale katikati, adui anafunga bila jasho. Gadi anamkaribia mtupaji kwa hatua fupifupi, mkono mmoja juu, si kwa kumrukia. Gadi anasaidia hatua moja ndani halafu anarudi kwa mtu wake. Gadi anaongea. Timu iliyonyamaza imekwisha kufungwa, bado tu pointi hazijaandikwa. Na mwisho wa mechi, pointi zikiwa sawa, mpira uko mikononi mwa gadi, faulo inafanywa kwake, na ni yeye anayekwenda kwenye mstari kutupa akiwa peke yake, uwanja mzima ukimpigia kelele. Mtupo ule hauna mlinzi. Urefu hapo haumsaidii mtu chochote. Kinachosaidia ni mia moja za jana, mia moja za juzi.

Nawajua wapinzani wangu na hoja zao, nizijibu kwa zamu.

Wanasema vifaa hakuna. Ni kweli. Shule ina mipira miwili, mmoja umetoka tumbo kama papai. Lakini hoja hiyo ni yangu, si yao. Mrefu anahitaji ringi iliyo mita 3.05 toka chini, anahitaji ubao usiotikisika, anahitaji mtu wa kimo chake wa kufanya naye mazoezi. Gadi anahitaji mpira mmoja na ukuta. Kulinda kunahitaji chaki ya kuchora mstari. Maskini anayechagua mazoezi ya gharama kubwa na kuacha ya bure hana haki ya kulalamikia umaskini. Na pesa kidogo zikipatikana, zinakwenda wapi? Zinakwenda kwenye jezi, ili tukapige picha tukiwa nadhifu kabla ya kufungwa.

Wanasema muda hakuna, kambi ya UMISSETA ni ya wiki chache, gadi hatengenezwi kwa wiki chache. Hapo tumekubaliana kabisa. Urefu unapimwa siku moja, gadi anajengwa miaka miwili. Ndiyo maana mvivu anapenda urefu. Anapokea mtoto aliyetengenezwa na mama yake na chakula cha kwao, anamvalisha jezi, anajiita kocha.

Wanasema wafupi watapondwa ngazi za juu. Kwanza, wengi wa watoto hawa hawaendi ngazi za juu, wafupi kwa warefu. Wanakwenda kwenye ualimu, uuguzi, bodaboda, mashamba ya pamba, maduka ya Lamadi. Ukimpa mtoto miaka miwili ya kuamua mambo ndani ya nusu sekunde, mbele ya watu, na kubeba lawama akikosea, umempa kitu atakachokitumia akiwa na miaka hamsini. Ukimwambia kimo chake ndiyo kipaji chake, umempa nini? Na yule uliyemwambia kimo chake ndiyo kasoro yake, umemfanyia nini?

Nina msichana aliyekuwa kidato cha pili alipofukuzwa hivyo. Sitaitaja kamati iliyofanya uchaguzi ule. Alikuwa anadunda kwa mikono yote miwili kuliko mvulana yeyote wa shule yake, na kwenye mazoezi ya wawili kwa mmoja alikuwa hakosei kuchagua. Walimpima ukutani, wakamwambia, "Wewe binti nenda netiboli." Netiboli ni mchezo mzuri, lakini hawakumpeleka kwa sababu wanaithamini. Walimpeleka kama mtu anavyosogeza kiti kilichozidi. Na kule napo wakampima. Mama yake alikuja shuleni baada ya wiki, nikamwamkia, "Mwangaluka mayu," akaitikia, akakaa, akaniuliza swali ambalo bado sijapata wa kulijibu: "Mwalimu, mwanangu anasema ni mfupi. Nani kamwambia? Nyumbani hatujawahi kumwambia."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani wengi hawajalitazama. Mtu anayeumizwa zaidi na futi kamba si mfupi. Ni mrefu.

Kijana wa mita 1.88 hapa Bariadi ni jitu. Anaonekana sokoni. Siku anayoonekana, ameshapangiwa maisha yake ya kikapu: chini ya ringi, mgongo kwa ringi, mikono juu. Hafundishwi kudunda, anaambiwa, "Wewe usidunde, mpe mfupi." Hafundishwi kulinda mtu mwepesi. Hafundishwi kutupa toka mbali, kwa sababu ya nini, wakati anaweza kuokota na kurudisha? Anacheza hivyo miaka minne, anawafunga watoto wenye mita 1.65, anapewa vyeti. Halafu anakwenda mjini.

Nilimsindikiza mmoja wa namna hiyo Mwanza kwa majaribio katika klabu moja. Pale hakuwa jitu. Senta wao alimpita kichwa kizima. Kocha akamtazama kwa haki kabisa, akasema, "Kimo chako ni cha gadi. Haya, vusha mpira tuone." Kijana akainama kuutazama mpira. Wakamnyang'anya mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyemcheka, na nadhani hilo lilimuuma zaidi. Mita 1.88, kimo kilekile cha Curry, kimo ambacho dunia nzima inakijua kuwa ni kimo cha gadi, na mkoa mzima ulikuwa umemfundisha kazi ya mtu wa mita 2.10. Kwenye basi la kurudi, tulipopita Lamadi, aliniuliza kama mkono wa kushoto unaweza kufundishwa mtu akiwa na miaka ishirini. Nikamwambia unaweza. Lakini ada ya kukaa Mwanza hakuwa nayo, na msimu wa pamba ulikuwa umefika, kiwanda cha kuchambua pamba kilikuwa kinatafuta vibarua. Huko ndiko aliko.

Mfupi tulimnyima nafasi. Huyu tulimpa nafasi na tukamnyima ufundi, na nafasi bila ufundi ni deni ambalo mtoto analilipa peke yake, mbali na macho yetu. Kwa hiyo sisemi warefu waachwe. Chukueni warefu, wawepo wawili, watatu. Nasema kila mtoto, wa mita 1.50 na wa mita 1.90, afundwe kwanza kama gadi, angalau kidato cha kwanza na cha pili. Mwili ukiamua baadaye kumpeleka chini ya ringi, atakwenda akiwa na mikono miwili na macho mawili.

Nilishangaa mkoa wetu ulipoandaa maonyesho ya kitaifa ya Nanenane pale Nyakabindi, kuanzia 2018, kuona mabanda ya mbegu yamejaa wakulima wanaouliza maswali ya maana. Hakuna aliyeichagua mbegu kwa kutazama ukubwa wa mfuko. Waliuliza inaota kwa mvua kiasi gani, inastahimili wadudu gani, inazaa baada ya siku ngapi. Wazazi wa watoto wetu ndio hao. Wanajua kuchagua. Ni sisi walimu, wenye vyeti, ndio tunaochagua kwa macho ya mbali.

Walimu wenzangu, ninachodai hakihitaji kibali wala bajeti. Siku ya uchaguzi, wekeni mitihani mitatu. Mmoja: kudunda mita 28 kwenda kwa kulia na kurudi kwa kushoto, mtu akikufukuza, huku unataja vidole vya kocha. Wa pili: mara tano mfululizo, mzuie mwenye mpira asipite katikati, mikono ikiwa nyuma ya mgongo, kwa miguu tu. Wa tatu: wawili kwa mmoja, mara kumi, na msihesabu magoli, hesabuni maamuzi sahihi. Andikeni alama. Wapangeni kwa alama hizo. Katika nafasi kumi na mbili za timu, magadi wasipungue wanne, na muwachague wao kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Wasichana wapewe mitihani ileile, siku ileile, na kocha yuleyule.

Mkifanya hivyo na bado mkafungwa, njooni mnidai. Nipo Bariadi, uwanja wenye saruji nusu, kila siku kuanzia saa kumi jioni. Njooni na gadi wenu mmoja, awe na kimo chochote, nami nitamleta yule kijana asiyefika alama ya mkaa. Tuwape sekunde 8 na mita 14, tuone nani atavuka.